Kwa mnaoanza maabara: kirusi kimoja, dalili mbalimbali

Nyinyi mnaoanza kazi ya maabara hapa Mombasa, kuna jambo litawatatiza mapema. Ndugu wawili wa nyumba moja Mji wa Kale, damu zao zote zimeonyesha kirusi cha dengi, homa inayoenezwa na mbu. Mmoja macho yanamuuma kwa ndani na viungo vimemkaza. Mwenziwe anakunywa kahawa barazani. Hakikini lebo, ndiyo, lakini msikimbilie kusema sampuli zimechanganyika. Wengi wanaoambukizwa dengi hawaugui, au hupata homa nyepesi tu. Na huyo asiyeumwa bado anaweza kumwambukiza mbu, kwa hivyo naye ajikinge, hasa mchana.

Sehemu ya sababu imo katika jeni. Someni HLA kwa bidii kuliko kurasa nyingine zote za kinga ya mwili. Ni kundi la jeni katika kromosomu ya 6. Protini zake huchukua vipande vya kirusi kutoka ndani ya seli na kuvianika juu, seli T, yaani askari wa kinga ya mwili, zivione. Kipande kinachoshikwa barabara na HLA ya mmoja huenda ya mwingine isikishike. Hata ndugu wa baba mmoja mama mmoja, uwezekano wa kurithi seti ile ile ni mmoja kwa nne tu.

Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walichapisha kwamba, kati ya watu wasiochanjwa walioambukizwa Covid-19, wenye aina moja ya jeni ya HLA, iitwayo HLA-B*15:01, walikuwa wengi zaidi kwa wasioonyesha dalili. Waliorithi nakala mbili, uwezekano wao wa kutougua ulizidi mara nane. Seli T zilizowahi kukutana na virusi vya korona vya mafua ya kawaida zilikitambua kipande cha kirusi cha Covid-19 kinachofanana na cha virusi hivyo. Angalieni vizuri: waliambukizwa. Jeni haikuzuia kirusi kuingia. Tena uchambuzi ule ulihusu Wazungu, basi msiubandike kwa watu wa Likoni na Kisauni.

Mgonjwa akiwauliza, "Kwani damu yangu mbovu?" mjibuni kwa upole: hapana. Kisha muulizeni kama aliwahi kuugua dengi. Kirusi hicho kina aina nne, na aliyepata moja akiambukizwa nyingine, hatari ya kuugua vibaya huongezeka. Jibu lake liandikeni kwenye fomu. HLA yake haitabadilisha matibabu ya leo. Historia hiyo daktari ataihitaji jioni hii hii.