Maswali ya mitumba: paja la jinzi, harufu ya belo na msimu wa korosho

Jinzi imeandikwa 32 na mimi navaa 32, lakini nyumbani imegoma kupita mapajani. Kosa liko wapi? (Mwanachuo, Mtwara mjini)

Kosa ni kuiamini lebo. 32 ni inchi za kiuno, kama sentimita 81, ila mtumba umeshavaliwa, umefuliwa, na pengine umepita kwa fundi huko ulikotoka. Tena viwanda havikati sawa, na lebo haisemi lolote kuhusu paja.

Chukua suruali yako inayokukaa vizuri, ifunge kifungo, uilaze mezani. Kwa tepu ya fundi pima upana wa kiuno, upana wa paja vidole viwili chini ya mshono wa katikati, kisha urefu wa mguu kwa ndani. Andika kwenye simu. Kama huna tepu, piga mafundo kwenye kamba isiyovutika uende nayo sokoni, na jinzi unayoitaka ilaze juu ya rundo uipime vilevile. Kuzungushia kiuno cha suruali shingoni kunasaidia kuchuja haraka haraka, ila shingo haijui habari za paja.

Ikizidi kiunoni kwa inchi 1 au 2, fundi ataipunguza kwa nyuma. Zaidi ya hapo mifuko ya nyuma inasogeleana na kila mtu anaona. Ndefu inakatwa. Fupi iache, maana hata pindo likishushwa, mstari mweupe wa mkunjo wa zamani unabaki. Koti linalopwaya mabegani nalo liache: fundi atafumua mikono yote miwili, na ujira wake unaweza kuipita bei ya koti.

Kabla hujalipa, vuta kitambaa cha ndani ya mapaja ukielekeze juani. Mwanga ukipenya kama kwenye chandarua, hiyo itachanika siku utakayochuchumaa. Fungua na ufunge zipu mara tatu. Zipu inayoachia katikati inabadilishwa, lakini toa gharama hiyo kwenye bei pale pale, usisubiri ufike kwa fundi.

Nimefua gauni mara mbili na bado linanuka mtumba. Nifanyeje? (Mama, Mikindani)

Sabuni yenye manukato inafunika harufu tu. Kwenye maji ya baridi lita 10 tia nusu lita ya siki nyeupe, loweka saa 1, suuza, ndipo ufue kwa sabuni. Ligeuze ndani nje na kulianika juani hadi mishono ikauke kabisa, kwa sababu mshono mbichi ndio unaorudisha harufu. Lisipoacha, rudia.

Angalizo, mama: siki na jiki zisikutane kwenye ndoo moja. Zinatoa gesi ya klorini, na hiyo inaumiza mapafu. Jiki yenyewe ni ya pamba nyeupe. Sufu, hariri na nguo za kuvutika inaziharibu au kuzigeuza njano.

Vidoa vidogo vyeusi vilivyotawanyika ni koga, na kwa unyevu wa pwani yetu wakati wa masika vinaongezeka hata kabatini. Nguo hiyo usiinunue hata kwa jero. Kwa wanaohofia upele: wadudu wake hufa kwenye joto la nyuzi 50 kwa dakika 10. Nguo isiyovumilia maji ya moto ifungie kwenye ndoo kavu yenye kifuniko kwa wiki moja, kisha ufue.

Sidiria za mtumba zina ubaya gani? (Dada, Lindi)

Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, kwa sababu za kiafya. Hata bila marufuku, lastiki yake imeshachoka. Hela yako weka kwenye mpya.

Ninunue lini nipate nafuu? (Mkulima, Newala)

Kabla ya korosho. Fedha za minada zikianza kuingia kuanzia Oktoba, wauzaji wanazifuata, na hakuna mwenye haja ya kukupunguzia. Sweta za baridi ya Juni na Julai huko juu Newala zitafute Januari, watu wakiwa wanatokwa jasho.

Saa nazo zina maana. Belo, yaani robota la mitumba, likifunguliwa asubuhi, nguo nzuri ziko juu na bei iko juu. Jioni bei inalegea, kilichobaki ni makapi, lakini makapi nayo yana kazi. Nguo za kupulizia salfa mikoroshoni zitoke humo: shati nene la mikono mirefu, ukosi unaofunga hadi juu, suruali isiyo na tundu. Hapo doa si hoja. Ukimaliza kupulizia, zifue peke yake.

Tuko akina mama wanne. Tuchange tununue belo la nguo za watoto? (Nachingwea)

Inawezekana kama mna watoto wa rika tofauti. Belo la kilo 45 lenye vipande vya gramu 150 hivi lina nguo kama 300, na hamchagui umri wala jinsia. Ulizeni daraja lake la ubora, na hesabuni mapema kwamba sehemu itakuwa ya kuuza au kugawa. Nauli ya belo kutoka Dar es Salaam iingie kwenye mchango tangu mwanzo. Kabla ya kukata mikanda, pigeni kura ya nani anaanza, kisha kila mmoja achukue kipande kimoja kwa zamu. Mkianza kuchambua pamoja mtagombana kabla belo halijafika nusu.