Model T ya 1923: injini nimeisikia, difu je?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, ninaendesha lori hapa Ohio. Natafuta gari la kale la kujifurahisha nalo Jumamosi. Mzee mmoja wa mashambani anauza Ford Model T Touring ya 1923 kwa dola 9,500. Rangi inang'aa, na anasema injini imefanyiwa ovaholi. Nikague nini kwenye hiyo injini? Na je, mtu aliyezoea gia za kawaida ataiweza?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Utaiweza, ila itabidi kwanza miguu yako isahau inachokijua. Hilo nitalifikia. Wacha nianze na kitu ambacho hukukiuliza, nacho ni difu, yaani gia za ekseli ya nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili.

Model T haina breki magurudumu ya mbele. Ukikanyaga pedali ya breki, unakaza mkanda ndani ya giaboksi. Nguvu ya kusimamisha gari inateremka na propela shafti, inapita kwenye difu, ndipo inafika magurudumu ya nyuma. Kitu kikiachia hapo katikati, gari linapoteza mwendo na breki kwa pamoja. Na hapo hapo ndipo Ford alipoweka washa, yaani pete bapa, za babiti, madini laini yanayotokana na bati, za kuzuia gia kubwa ya difu isisogee upande. Babiti ikishazeeka hupasuka vipande vipande. Siku washa ikimeguka, gia inasogea, meno yanaachana na pinioni, ile gia ndogo inayoizungusha, na wewe uko juu ya mteremko ukikanyaga pedali isiyoshika chochote.

Hili halikunifikia kwa hadithi. Model T yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ya rangi, kama unavyotaka kufanya wewe. Wiki ya tatu nilipitia ua wa seng'enge wa jirani na kusimama kwenye mahindi yake. Lile wenzo la breki ya mkono, ambalo halipiti kwenye difu, lilipunguza mwendo tu. Viatu vyake vya chuma kwenye magurudumu ya nyuma ni vidogo, na kazi yake hasa ni kushikilia gari lililosimama.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa huyo mzee liwe hili: difu imefunguliwa lini, na washa za babiti zilibadilishwa zikawekwa za shaba nyeusi? Taka risiti au picha. Akisema "sijui, ila halijawahi kusumbua", basi hesabu kwamba zimo zile za zamani. Mwombe ruhusa ya kutoa oili kidogo ya difu. Ukiona unga wa kijivu au vipande vinavyometa, babiti imeanza kuondoka. Lakini oili safi haithibitishi chochote, maana huenda imemwagwa jana. Muulize pia kama gari limefungwa breki za ziada za nje kwenye magurudumu ya nyuma, zile ziitwazo Rocky Mountain. Kama zipo na zimefungwa vizuri, hilo lina thamani kuliko rangi yote.

Sasa injini. Ina silinda nne, lita 2.9, nguvu ya farasi 20, na haina pampu ya maji; maji ya moto hupanda yenyewe hadi kwenye rejeta, kwa hiyo rejeta iliyoziba itachemsha gari hata kama injini ni mpya. Beringi zake nazo ni za babiti, iliyomiminwa ndani ya bloku, na kuzimimina upya ni kazi ya fundi maalumu na bei yake inauma. Zungusha polepole hendeli ya kuwashia iliyo mbele ya gari, swichi ikiwa imezimwa: kila nusu mzunguko usikie mkazo ulio sawa. Kisha ikiwashwa na kupata moto, hamisha swichi kutoka betri kwenda magneto, yaani umeme ambao injini inajitengenezea kwa sumaku. Injini nzima huchangamka kidogo. Ikififia au kuzima, huenda krankishafti, shafti kuu ya injini, imechezacheza mbele na nyuma, sumaku za flaiwili, lile gurudumu zito lililofungwa nyuma yake, zikawa mbali mno na koili zake.

Magurudumu ni ya spoki za mbao. Lishike juu na chini, litikise, usikilize mlio wa kugongana. Kama yameloweshwa maji asubuhi hiyo, shuku: mbao ikinywa maji huvimba, ikabana kwa siku chache tu.

Karatasi usizipuuze. Fremu za mwaka huo hazikupigwa namba, kwa hiyo namba ya gari ni namba ya injini, iliyogongwa ubavuni mwa bloku, upande wa kushoto, juu ya mahali maji yanapoingilia. Isome kwa tochi, uilinganishe na hati ya umiliki. Injini nyingi zilibadilishwa kati ya 1923 na leo, na namba zisipofanana, mgogoro utakuwa wako, si wa mzee.

Kuhusu kuendesha: pedali ya kushoto ukiikanyaga mpaka chini ni gia ya kwanza, ukiiachia juu kabisa ni ya pili, katikati ni nyutro. Pedali ya kati ni rivasi. Ya kulia ni breki. Pedali ya mafuta haipo; mafuta unayaongeza kwa mkono, kwa kijiti cha kulia chini ya usukani. Dereva wa lori akishtuka atakanyaga kushoto akidhani ni klachi, na gari litamvuta mbele. Jizoeze shambani, tena mwenye gari akiwa kando yako. Mwendo wa starehe ni kama kilomita 55 kwa saa, kwa hiyo barabara kuu uisahau. Na petroli ikipungua, mlima mkali utaupanda kinyumenyume, kwa sababu tangi liko chini ya kiti na mafuta hushuka kwa uzito wake tu.

Ukipiga hendeli, chelewesha kwanza cheche za plagi kwa kijiti cha kushoto chini ya usukani, vuta wenzo la breki ya mkono mpaka mwisho, shika hendeli kwa mkono wa kushoto, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, uvute kwenda juu. Usisukume chini kamwe. Injini ikirudi nyuma inavunja mkono.

Bei si mbaya, kama difu imeshughulikiwa. Kama haijashughulikiwa, gharama ya kuifungua itoke kwenye hizo 9,500. Nenda na tochi, jeki na nguo za kulalia chini ya gari, na mpigie simu mzee mapema umwambie asiliwashe kabla hujafika, ili ulikute baridi.