Bomba la hewa baridi kwa RAV4 hapa Goma: usinunue kwanza

Ndugu yangu, nimekuelewa: RAV4 yako ya esanse inachoka milimani, na muuzaji anakuahidi kwamba bomba la hewa baridi (linaloivutia injini hewa ya nje isiyo moto) lenye filta ya wazi, isiyofungwa ndani ya boksi, litairudishia nguvu. Shikilia pesa yako kwanza.

Ni kweli hewa baridi imeshikamana zaidi na hubeba oksijeni nyingi. Ila ikipoa nyuzi 10, unaongeza oksijeni kama asilimia 3 tu. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na kwa urefu huo injini isiyo na turbo (feni inayoisukumia injini hewa) hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu. Bomba haliwezi kurudisha hiyo. Utakachosikia sana ni mngurumo.

Kinachonitia hofu ni vumbi letu la mawe ya volkano. Linakwaruza silinda na ringi za pistoni, na filta nyingi za wazi hulipitisha zaidi kuliko ile ya karatasi. Filta ya kupaka mafuta, ukizidisha, inachafua sensa ya hewa. Tena bomba likishuka karibu na bampa, dimbwi moja la mvua linatosha kuingiza maji kwenye silinda na kupinda konroda, yaani chuma kinachoshika pistoni.

Anza hivi: fungua boksi la filta, pitisha kidole upande unaoelekea injini. Ukikuta vumbi laini, hewa inapenya pembeni. Badilisha filta na uangalie mpira wake. Kisha kagua plagi.

Taa ya injini ikiwaka, au moshi ukiwa wa bluu, mwone fundi mwenye mashine ya kupima kabla ya kununua chochote.