Mwalimu Anajibu: Kiwanja Kwanza au Watu Kwanza?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mtaani kwetu tuko tisa tunaopenda shafobodi, ule mchezo wa kusukuma visahani kwa fimbo sakafuni. Tumeruhusiwa kutumia kiwanja cha zege cha mpira wa kikapu ambacho jioni hakina watu. Wenzangu wanataka kwanza tuandike katiba, tuchague viongozi na kuchanga pesa za kujenga viwanja viwili vya kisasa, ndipo tuanze kucheza. Mimi naona tutachoka kabla hatujasukuma kisahani kimoja. Tuanzie wapi?
Mama wa Wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeona sawasawa. Anzeni kucheza wiki hii, hayo mengine yatafuata. Nimeona vikundi vilivyobishana juu ya ibara za katiba mpaka watu wakaacha kuja mikutanoni, na zege likabaki pale pale likiwasubiri.

Kabla ya kuchora chochote, mwageni ndoo ya maji sakafuni mkaangalie yanakimbilia wapi. Yakielekea upande mmoja kwa kasi, na visahani vyenu vitakwenda huko huko. Tafuteni sehemu ambayo maji yanatulia au yanatawanyika taratibu, isiyo na nyufa wala viungo vya zege vinavyokatiza njia. Ikishakauka, chukueni kamba, futi na chaki. Eneo la kuchezea lina urefu wa meta 11.9 na upana wa meta 1.83, na kila mwisho mnaongeza karibu meta 2 za kusimamia. Jumla inakuwa kama meta 15.85, na kiwanja cha kikapu kinatosha kuchorwa viwanja kadhaa vya namna hiyo.

Kila mwisho chorani pembetatu, ncha yake ikielekea katikati ya kiwanja. Toka mstari wa nyuma hadi kwenye ncha ni meta 3.2. Kwenye ncha andikeni 10, chini yake 8 mbili, kisha 7 mbili, na ukanda mwembamba wa sentimeta 45 unaogusa mstari wa nyuma ndio wa kumpunguzia mtu pointi 10. Wachezaji wengi huuita jikoni, na mtamwona kila mmoja akijitahidi kumsukumia mwenzake humo. Meta 3.66 katikati ya kiwanja zinawekewa mstari kila upande. Kisahani kisichovuka ule mstari wa mbali kinaondolewa. Na kisahani kinachogusa mstari wowote wa pembetatu hakihesabiwi, kwa hiyo chorani mistari myembamba iliyonyooka, la sivyo jioni nzima itaishia kwenye ubishi.

Mnahitaji visahani 8, vinne vya njano na vinne vyeusi. Vya kiwandani vina kipenyo cha sentimeta 15 na uzito unaofika gramu 425. Kama hamna, fundi seremala anaweza kuwakatia vya mbao ngumu, akavilainisha chini na kuvizungushia ukingo mviringo. Mwambieni avipime: kulingana uzito vyote vinane ni muhimu kuliko kufikia uzito wa kiwandani, maana kisahani chepesi kikigongana na kizito mchezo unaharibika. Fimbo isizidi meta 1.9, na mwisho wake uwe na panda ya mbao au plastiki ya kukumbatia kisahani. Chuma kisiguse sakafu. Na nunueni ufagio wenu wenyewe, asitegemewe mlinzi. Punje moja ya mchanga inatosha kupotosha sukumo zuri.

Sasa nakuja kwenye neno ninalotaka wenzako walisikie. Kinachojenga klabu ni siku isiyobadilika. Chagueni siku moja na saa moja, na mcheze hata wakija watatu. Mtu aliyekosa mara mbili kwa sababu ya kazi anapaswa kuwa na hakika kwamba akija wiki ya tatu atawakuta. Mkianza kuahirisha kwa kuwa fulani kasafiri na fulani ana mgeni, mtu huyo hatajisumbua tena. Ndiyo maana nasisitiza funguo za stoo ya vifaa ziwe mbili, kwa watu wawili wasiosafiri pamoja.

Viongozi wa mwanzo watatu wanatosha: wa kufungua na kufunga, wa kushika hazina, na wa kuandika majina na kupeleka taarifa kwa simu. Mweka hazina asome salio kwa sauti kabla ya mchezo wa kwanza kila mwezi, hata kama salio ni sifuri. Wengi huogopa kumuuliza mtu wanayemheshimu habari za pesa, nao hunyamaza, kisha huacha kulipa ada. Salio likisomwa bila kuombwa, hofu hiyo haipati pa kuota. Ombeni pia ile ruhusa ya kiwanja iwe ya maandishi, iseme siku, saa, na nani anatengeneza kikiharibika. Maneno ya mdomo huondoka na aliyeyasema akihamishwa.

Katiba mtaiandika wakati mnajuana. Ukurasa mmoja unatosha, useme nani ni mwanachama, ada ni ya nini, matumizi yanaamuliwa vipi, na kiongozi anaondokaje. Hilo la mwisho ndilo husahaulika.

SWALI: Mwalimu, klabu yetu ina miaka mingi na viwanja vizuri, lakini tunapungua. Wageni huja mara moja wasirudi. Wenzangu wanasema vijana wa siku hizi hawana subira. Unaonaje?
Mzee wa Fimbo

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, sikubaliani na wenzako. Nawaomba mkae kwenye benchi mnakomkalisha mgeni, mkaangalie anachokiona yeye.

Anakuta wakongwe wanne wanacheza mchezo wa kufika pointi 75. Kwa kuwa jikoni panapunguza pointi 10 kila mara, hesabu inapanda na kushuka, na mchezo wa watu hodari wanaozuiana unaweza kuchukua muda mrefu sana. Mgeni anasubiri. Akija kupewa fimbo, jioni imekwisha. Huyo hakukosa subira, alikosa zamu. Siku ya wazi, achaneni na 75. Chezeni raundi nane basi, mwenye pointi nyingi ameshinda, wapisheni wengine. Ile 75 ibaki ya mashindano, nayo yawekewe siku yake.

Halafu kuna jambo ambalo wakongwe hulizoea hata wasilione tena. Katika mchezo wa wawili wawili, mwenzako wa timu yuko mwisho mwingine wa kiwanja. Anayesimama kando yako, mkisukuma kwa zamu, ni mpinzani. Maana yake mgeni anapokelewa na mtu aliyekuja kumshinda. Huyo akiwa mkimya na mkali wa uso, mgeni anaondoka na ukimya huo. Akimwambia kwa upole, “Hapo ungenigonga mimi badala ya kulenga nane, ungenisumbua,” mgeni amefundishwa na amekaribishwa kwa mpigo. Wachagueni wakongwe wenu wenye ulimi mzuri wasimame na wageni. Lakini msimkosoe mtu kila anaposukuma. Mwacheni asukume vinne vyote, ndipo mseme neno moja.

Jozi zipangwe kwa kura. Wekeni vipande vya karatasi mfukoni, kila mtu achomoe. Wakongwe wakipanga wenyewe watapangana wao kwa wao, si kwa ubaya, ni mazoea tu. Mzee aliyecheza na mtoto wa jirani kwa raundi nane atamwita kwa jina wiki ijayo, na mtoto yule atarudi kwa sababu ameitwa.

Wenzako wakisema klabu ikishazeeka haifufuki, wasimulieni habari ya St. Petersburg, Florida. Mchezo huu ulishuka kutoka kwenye sitaha za meli za abiria, na mwaka 1913 ukachezwa hotelini Daytona Beach. Mwaka 1924 klabu ya St. Petersburg ikaanzishwa. Enzi za kilele chake ilikuwa na viwanja 110 na wanachama karibu 5,000. Baadaye watu walipungua mpaka wakabaki wachache wa kuhesabika, na viwanja vikawa vitupu. Kuanzia mwaka 2005 milango ikafunguliwa Ijumaa jioni, bure, kwa yeyote anayetaka kucheza. Vijana walikuja, nao wakakaa. Sakafu zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na jioni ambayo mtu asiye mwanachama alijua ni yake pia.

Ninyi mnayo sakafu tayari, mzee wangu. Toeni jioni moja.

SWALI: Mama yangu ana maumivu ya goti na hutumia kiti cha magurudumu anapokwenda mbali. Anatamani sana kucheza lakini anaogopa kuwachelewesha wengine. Anaweza?
Binti Mkubwa

JIBU: Anaweza, tena mlete mapema. Shafobodi haitaki nguvu, inataka mkono uliotulia. Kisahani kinasukumwa kwa mwendo mmoja laini bila kusita, na wanaotumia nguvu ndio vyao hupitiliza hadi nje.

Kiti kiwekwe nyuma ya mstari, breki zifungwe, na kisahani kiwe upande wa mkono anaotumia, mbele kidogo ya gurudumu, ili fimbo isigonge miguu yake. Ajaribu fimbo fupi kwanza. Habari ya kuchelewesha isimsumbue kabisa: katika mchezo wa wanne hakuna anayetembea kwenda mwisho wa pili, kila mtu anabaki pake na visahani vinamfuata. Mtu mmoja tu wa upande wake amsogezee visahani vinne mwanzoni mwa raundi. Waombe viongozi waondoe ngazi au kizingiti langoni kabla hajafika, wasimwinue mbele za watu. Yeye mwenyewe achague rangi, njano au nyeusi.