Usipige Windows Kabla Hujaipima Diski

Maswali yaliyonifikia wiki hii karibu yote yanasema jambo moja: gemu inaganda, fundi kapiga Windows upya, gemu bado inaganda. Nimechagua saba. Walioandika tu "kompyuta yangu nzito, nifanyeje?" bila kutaja diski, RAM (kumbukumbu ya muda) wala gemu yenyewe, naomba waulize upya. Hata daktari huanza kwa kuuliza panauma wapi.

GTA V inakwama kila nikiendesha gari kwa kasi. Barabara inapotea, majengo yanatokea nikiwa nimeshayafikia. Fundi kapiga Windows mara tatu. Laptopu ni ya mtumba, RAM GB 8. (Msomaji, Dodoma)

Unachoeleza kinaielekea diski moja kwa moja, na ilifaa ipimwe kabla ya Windows ya kwanza, sembuse ya tatu. Gemu yenye ramani kubwa haiwezi kuuweka mji mzima kwenye RAM. Inausoma kutoka kwenye diski kipande kwa kipande kadiri unavyosogea, kwa hiyo ukikimbiza gari, diski nayo inabidi ikimbie. Ikishindwa, ndipo barabara inapokosekana.

Gemu ikiwa wazi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kufungua Task Manager, ingia Performance, kisha Disk. Tazama Active time (asilimia ya muda diski iko kazini) pamoja na kasi ya kusoma, usitazame kimoja. Asilimia 100 kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde ni diski ya kuzunguka (hard disk) iliyo nzima, ila imefika mwisho wa uwezo wake. Asilimia 100 kwa MB 1 au 2, huku Average response time (muda diski inaochukua kujibu) ikipanda hadi milisekunde mia kadhaa na kubaki huko, inatia shaka. Nasema shaka tu, kwa sababu hata diski nzima ikiombwa vifaili vidogo vilivyotawanyika hushuka vivyo hivyo.

Kuondoa shaka, pakua CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, ni ya bure. Soma mistari mitatu: 05 ni sekta (vipande vidogo vya diski) zilizokufa na nafasi zake kuchukuliwa na za akiba, C5 ni sekta zilizogoma kusomeka na bado zinasubiri hukumu, C6 ni zilizoshindikana kabisa. Safu ya mwisho huandikwa kwa heksadesimali, kwa hiyo ukiona 10, ujue ni 16. Majuzi niliwekewa mezani laptopu ambayo C5 ilisoma 1A8, yaani sekta 424. Kila ilipogusa mojawapo, diski ilirudia kusoma tena na tena, na kila kitu kingine kikasimama kuisubiri. Mwenyewe alikuwa ameshalipia Windows mara mbili. Windows mpya kwenye diski ya namna hiyo ni rangi mpya kwenye ukuta wenye ufa, na fundi anayeipiga bila kupima anakula pesa ya mtu bure. Mwambie akuonyeshe hiyo mistari kabla hajagusa chochote.

Nikiweka SSD, FPS zitaongezeka? (Msomaji, Nakuru)

Haziongezeki. FPS, yaani idadi ya picha kwa sekunde, ni kazi ya kadi ya michoro na prosesa. SSD, diski isiyo na sahani za kuzunguka, inafupisha muda wa kupakia na kupunguza ile mikwamo ya ghafla. Kwa anayetumia diski ya kuzunguka, hiyo ni sababu tosha ya kuinunua. Ila usilipie NVMe (aina ya SSD yenye kasi zaidi) ya MB 7,000 kwa sekunde kama laptopu yako ina nafasi ya SATA (muunganisho wa zamani) tu, maana haitafanya kazi humo. SATA yenyewe inaishia kama MB 550, na ukitoka kwenye diski ya kuzunguka hutailalamikia.

SSD yangu niifanyie difragi kila baada ya muda gani?

Usiifanyie difragi, yaani kuvipanga upya vipande vya faili. Nimeshalijibu hili mara nyingi. Windows yenyewe huitunza SSD kwa amri ya TRIM, inayoijulisha sehemu zisizotumika tena. Difragi ya kulazimisha inaichosha kwa kuiandika bila faida.

RAM yangu GB 4. Nikifungua gemu diski inapanda 100%. Diski imekufa? (Msomaji, Mwanza)

Huenda ni nzima kabisa. RAM ikijaa, Windows huhamishia mzigo kwenye diski, na diski inageuzwa RAM ya dharura. Kwenye Task Manager hiyohiyo tazama Memory. Ikiwa juu ya asilimia 90, ongeza RAM kwanza.

Gemu zangu ziko kwenye diski ya nje, zinachelewa mno kufunguka.

Huenda umechomeka kwenye tundu la USB 2.0. Hapo hupati zaidi ya MB 40 kwa sekunde, hata diski iwe nzuri vipi. Hamia tundu la USB 3, mara nyingi lina rangi ya buluu ndani, na hakikisha kebo nayo ni ya USB 3.

Nimeona SSD ya nje ya TB 16 kwa shilingi elfu 40. Ninunue?

Hapana, na mwambie na mwenzako. Ndani ya vidude hivyo mara nyingi mna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyoandikwa uongo kuhusu ukubwa wake. Mwanzoni faili zinaingia vizuri, na nafasi halisi ikijaa inazifuta za zamani kimyakimya huku majina yake yakibaki. Utafungua picha za harusi usione kitu. Kama umeshanunua, ipime kwa programu ya H2testw kabla hujaiamini na faili hata moja.

Diski yangu inatoa mlio, gemu zinaganda dakika nzima. Nimeambiwa nipige chkdsk /r. Ndani kuna picha za marehemu mama. (Msomaji, Tanga)

Dada, pole sana. Usiipige hiyo chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski. Amri hiyo inailazimisha diski isome kila sekta mpaka mwisho, na diski inayogonga tik, tik, ikanyamaza, kisha ikaanza tena, inaweza isifike. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa mwanya mwembamba mara maelfu kuliko unywele, na kikianza kukwaruza, kila dakika ya kuwaka inakula data.

Izime sasa hivi, usiiwashe hata kwa kujaribu. Kwa picha za namna hiyo mpelekee mtaalamu wa kuokoa data, na kabla hujamkabidhi muulize kama anafanya nakala ya diski nzima kwanza ndipo atafute faili kwenye nakala. Akisema ataifungua hapo mezani aone, ichukue uondoke, kwa sababu chembe moja ya vumbi inaweza kuimaliza. Na ukishauriwa uiweke kwenye friza, kataa. Unyevu utaganda juu ya sahani. Mimi nilipoteza picha zangu za miaka minne kwa fundi aliyeniambia "ngoja nipige skani kidogo", na skani ile haikufika hata nusu.

Nakala ikipatikana, ziweke picha sehemu mbili, na moja isiwe ndani ya nyumba hiyo. Laptopu itiwe SSD mpya, hata ya GB 240, ndipo Windows ipigwe. Gemu utazipakua tena.