Jibu: Kuuishi ufufuo ukiwa bwenini
Mdogo wangu, umeuliza utauishije ufufuo shuleni wakati Pasaka imepita na wenzako wanakucheka ukisali. Soma Yohana 21. Yesu kafufuka, halafu tunamkuta wapi? Ufukweni, na moto wa makaa na samaki juu yake, anawaita wanafunzi wake waje wafungue kinywa. Petro aliyemkana mara tatu yupo palepale, na anakabidhiwa kazi.

Basi anza na yule mliyegombana kwa ajili ya ndoo. Mkaribishe mnywe uji pamoja. Mimi kidato cha pili niliiba sabuni ya mwenzangu. Kwenda kumwambia kulinitoa jasho kuliko ushuhuda wowote niliotoa UKWATA, umoja wetu wa wanafunzi Wakristo. Na kwenye mtihani, karatasi ya majibu ikipitishwa chini ya dawati, iache ipite.