Kwa mnaoanza kusoma bahari za ncha za dunia

Wadogo zangu mnaoanza masomo ya hali ya hewa, najua mmeshakariri kwamba Septemba 2012 barafu ya bahari ya Aktiki ilishuka hadi kilomita za mraba milioni 3.4 hivi, na kwamba weupe huo ukitoweka, bahari hunyonya jua zaidi. Hilo hata magazeti huandika. Kinachokwamisha wengi ni chumvi.

Maji ya bahari huganda kwenye nyuzijoto -1.8 hivi, na yakiganda huitema chumvi. Maji yanayobaki chini ya barafu huwa ya baridi na ya chumvi kali, kwa hiyo ni mazito, nayo huzama. Kule Antaktika, kwenye bahari za Weddell na Ross, huteremka hadi sakafuni na kusambaa mpaka Bahari ya Hindi. Kaskazini, karibu na Greenland, maji ya chumvi yanayotoka kusini hupoa na kuzama, mengine ya vuguvugu yakija nyuma yake. Sasa ongeza maji yasiyo na chumvi yanayotiririka kutoka barafu ya Greenland: maji ya juu huwa mepesi, yanagoma kuzama.

Kabla hamjagusa kompyuta, gandisheni maji yenye rangi ya chakula. Tieni kipande kwenye glasi ya maji ya bomba, kingine kwenye glasi ya maji yaliyokolea chumvi. Kwenye ya kwanza rangi huchuruzika hadi chini. Kwenye ya pili hutanda juu, na barafu huchelewa kuyeyuka.

Halafu msichanganye barafu inayoelea na ya nchi kavu. Inayoelea ikiyeyuka, kina cha bahari hakibadiliki kwa kiasi cha kutajika. Ya Greenland, iliyo nchi kavu, ikiisha yote, bahari hupanda mita 7 hivi. Tena haigawanyiki sawasawa: barafu ya Greenland ni nzito mno hivi kwamba huvuta bahari upande wake, basi ikipungua, maji ya pwani yake hushuka na ya mbali huzidi wastani. Mtu wa Lamu ana haki ya kuuliza habari za Greenland.

Kwenye mvua, nendeni polepole. Atlantiki ya kaskazini ikipoa, ukanda wa mvua husogea kusini na Saheli, ile nchi ya ukingo wa kusini wa Sahara, hukauka. Hapo ushahidi upo. Lakini vuli ya 2019 iliyofurika Afrika Mashariki, sababu yake kubwa ilikuwa Bahari ya Hindi yenyewe, magharibi ikiwa na joto kuliko kawaida na mashariki imepoa. Mkiandika kwamba mafuriko hayo yaliletwa na Aktiki, msimamizi atawarudishia kazi, nami nitamuunga mkono.

Data za maboya ya Argo, vyombo vinavyoelea na kuzama vyenyewe vikipima bahari, ni za bure: joto na chumvi hadi mita 2,000, kila baada ya siku 10 hivi. Penye barafu huwa haba, kwa hiyo vipimo vingi vya kule kusini wakati wa baridi vimeletwa na sili waliobandikwa vifaa kichwani. Vitumieni, ila someni kwanza maelezo ya ubora, maana chumvi yake mara nyingi huwa imefanyiwa marekebisho.